Mume na Mke Wafuatanapo Kaburini

Habari ya mume na mke walioishi pamoja miaka arobaini au hamsini, kisha wakafuatana kaburini kwa siku chache tu, ni habari ambayo karibu kila aliyekaa na wazee amepata kuisikia. Husimuliwa Musoma mjini, barazani baada ya sala ya Alasiri; husimuliwa Bunda na Butiama, katika matanga, watu wakiwa wameketi juu ya mikeka. Na kila isimuliwapo, wasikilizaji hugawanyika katika makundi matatu. Wa kwanza husema, "Huzuni ndiyo iliyomwua." Wa pili husema, "Marehemu amemwita mwenzake." Wa tatu hawasemi kwa sauti, bali hunong'ona kwamba pana mkono wa mtu.

Ndugu msomaji, maneno haya matatu hayalingani. La kwanza lina ukweli ndani yake, nalo yatupasa tulijue ili tuwahifadhi wazee wetu. La pili ni dhana tupu. La tatu ni dhambi kubwa, na mara nyingi limemwaga damu. Tutayatazama moja moja, kisha tutaeleza yawapasayo watoto na jamaa siku hizo, na namna mirathi inavyogawanywa wazee wawili wafapo kwa kufuatana. Kwani hapo ndipo ndugu wengi hukosana kwa kutojua.

MIFANO MITATU

Katika Tanzania yetu, wengi hukumbuka msiba wa mzee Kingunge Ngombale-Mwiru, mmoja wa wanasiasa mashuhuri wa nchi hii. Mwezi wa Desemba 2017 alishambuliwa na mbwa nyumbani kwake Dar es Salaam, akapelekwa hospitali ya Muhimbili kwa matibabu. Angali katika maradhi hayo, mkewe, Bibi Peras, akafariki dunia tarehe 4 Januari 2018. Mzee naye akafariki tarehe 2 Februari 2018, akiwa na umri wa miaka 87. Baina ya mauti hayo mawili hazikutimia siku 30.

Ughaibuni pana mfano wa Bwana James Callaghan, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Uingereza tangu 1976 hata 1979. Yeye na mkewe Audrey walioana mwaka 1938. Mke alikufa tarehe 15 Machi 2005, na mume akamfuata tarehe 26 Machi, siku 11 baadaye, ikiwa imesalia siku moja tu atimize miaka 93. Ndoa yao ilikuwa imepita miaka 66.

Lakini mfano wa tatu uko hapa hapa Mara, nao wafundisha kinyume. Mwalimu Julius Nyerere na Mama Maria walioana mwaka 1953. Mwalimu alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa kwao Butiama. Mama Maria aliendelea kuishi zaidi ya miaka 20 baada ya hapo, akiwa mlezi wa familia yake na mtu wa ibada katika dini yake. Je, kuna mtu atakayethubutu kusema kwamba yeye hakumpenda mumewe kwa kuwa hakumfuata upesi? La hasha! Basi yatubainikia tangu mwanzo kwamba kufuatana kaburini si kipimo cha mapenzi, na kubaki hai si upungufu wa mapenzi.

Tena tuangalie vizuri mfano wa kwanza. Mzee Kingunge alikuwa hospitalini na majeraha kabla ya kufiwa. Bwana Callaghan alikuwa mtu wa miaka 92. Mtu asemapo "ameuawa na huzuni", hana budi kukumbuka kwamba wazee wawili walio karibu kwa umri wamekaribia mwisho wa safari wote wawili, na kwamba wamekula chakula kimoja, wamekunywa maji ya kisima kimoja na wamevuta moshi wa jiko moja. Haishangazi basi nguvu zao zikiisha katika majira mamoja.

MATABIBU WASEMAVYO

Hata hivyo, huzuni si kitu chepesi. Matabibu wamelichunguza jambo hili kwa miaka mingi. Mwaka 1969 ilitangazwa katika jarida la matabibu wa Uingereza habari ya wagane 4,486, yaani wanaume waliofiwa na wake zao, wote wakiwa na umri wa miaka 55 au zaidi. Katika miezi 6 ya kwanza baada ya msiba walikufa 213 kati yao. Hesabu hiyo ilizidi kwa sehemu 40 katika 100 ile iliyotarajiwa kwa wanaume wenye wake, wa umri kama wao. Wengi wa waliozidi walikufa kwa maradhi ya moyo. Baada ya miezi hiyo hatari ilipungua, ikarudi karibu na kawaida.

Uchunguzi mwingine, uliotangazwa mwaka 2014, uliwatazama watu 30,447 wa Uingereza wenye umri wa miaka 60 hadi 89 waliofiwa na wenzi wao. Katika siku 30 za kwanza, waliopatwa na shtuko la moyo au kiharusi walikuwa karibu watu 16 katika kila 10,000. Na kwa wale wasiofiwa, walikuwa karibu 8 katika kila 10,000. Maana yake ni kwamba hatari iliongezeka maradufu katika mwezi ule wa kwanza.

Yako pia maradhi ambayo matabibu wa Japani waliyaeleza mwaka 1990. Mtu apatapo mshtuko mkubwa wa huzuni au hofu, moyo hudhoofika ghafla, na chumba chake cha kushoto huvimba kwa umbo la mtungi uitwao takotsubo, ambao wavuvi wa Japani huutumia kunasia pweza. Mgonjwa huumwa kifua na kukosa pumzi, hata adhaniwe kwamba mishipa ya moyo imeziba, na kumbe haikuziba. Huwapata zaidi wanawake waliokwisha koma hedhi. Wengi hupona katika wiki chache wakitibiwa, walakini wako wafao.

Pamoja na hayo, kuna sababu za kila siku ambazo hazihitaji darubini kuziona. Mzee aliyekuwa akikumbushwa na mkewe kumeza dawa za shinikizo la damu sasa hana wa kumkumbusha. Bibi aliyekuwa akila kwa sababu ya kumpikia mumewe sasa haoni haja ya kuwasha jiko. Usingizi hukatika, maji hayanywewi, na kliniki ya kisukari husahauliwa. Basi, kile tukiitacho huzuni mara nyingi ni njaa, kiu, kukesha na dawa zilizoachwa, vyote vikiwa vimekusanyika katika mwili uliochoka.

Lakini tusitishike kupita kiasi. Turudie hesabu ile ya kwanza: katika wagane 4,486, waliokufa katika nusu mwaka ni 213, hawatimii 5 katika kila 100. Wengine wote, zaidi ya 95 katika kila 100, walikuwa hai bado. Hatari yaongezeka, lakini walio wengi huvuka. Na anayeshikwa mkono huvuka kwa wepesi kuliko aliyeachwa peke yake.

AJALI NI YA MWENYEZI MUNGU

Sasa tulitazame neno la pili, la kwamba maiti amemwita mwenzake. Qurani Tukufu yatufundisha kwamba kila umma una muda wake, na muda huo ufikapo haukawizwi wala hautangulizwi hata saa moja (Sura ya 7, aya ya 34). Tena yatufundisha kwamba hakuna nafsi ijuayo itafia katika ardhi gani (Sura ya 31, aya ya 34). Aliyekufa hana uwezo wa kumwita aliye hai. Wahenga wetu walisema kwamba ajali haina kinga. Na neno hilo ajali, kwa asili yake, maana yake ndiyo hiyo: muda uliowekwa.

Huenda mtu akauliza, "Ikiwa muda umewekwa, kuna faida gani ya kumwangalia mzee na kumpa dawa?" Jawabu ni kwamba Mtume (s.a.w.) mwenyewe aliwaamrisha watu wajitibu. Muda ni siri ya Mwenyezi Mungu, nao utunzaji ni wajibu wetu. Hatukuambiwa tuihesabu siri. Tumeambiwa tuutimize wajibu.

Na hilo la tatu, la kunong'ona uchawi, ni balaa. Katika mikoa iliyo kandokando ya Ziwa Victoria, vikongwe wasio na hatia wameuawa kwa sababu ya tuhuma za namna hiyo. Mzee hufa, na bibi aliyebaki, badala ya kupewa pole, hutazamwa kwa jicho la shaka. Naye akifa baada ya siku kumi, watoto hugeukiana wenyewe kwa wenyewe, na mwishowe huenda kwa mpiga ramli. Mwislamu amekatazwa kumwendea mpiga ramli na kumsadiki. Nyumba iliyofiwa mara mbili katika mwezi mmoja yahitaji dua na mshikamano. Haihitaji kutafutiwa mchawi.

MFANO WA MTUME WETU

Aliyetaka kujua namna ya kuhuzunika na kuishi, na amtazame Mtume wetu. Aliishi na Bibi Khadija miaka 25, wala hakuoa mke mwingine katika uhai wake. Bibi Khadija alifariki Makka kiasi cha miaka mitatu kabla ya Hijra, yaani karibu na mwaka 619, na katika mwaka huo huo akafariki Abu Talib, ami yake aliyekuwa akimlinda. Wanavyuoni wameuita mwaka huo Mwaka wa Huzuni. Mtume alihuzunika, lakini huzuni haikumzuia na kazi aliyotumwa: mwaka 622 akahamia Madina, na umma ukasimama.

Wala kuendelea kwake na maisha hakukuwa kusahau. Imepokewa kwamba kila alipochinja mbuzi alipenda kupeleka nyama kwa marafiki wa Bibi Khadija, na alimtaja kwa wema hata mwisho wa umri wake. Hayo ndiyo mapenzi ya Kiislamu: humwombea marehemu, huwatendea wema rafiki zake, hutimiza ahadi zake. Hayamtaki aliyebaki ajiue kwa njaa.

Kulia si dhambi. Mtume alilia alipofiwa na mwanawe Ibrahim, akatufundisha kwamba jicho hutoka machozi na moyo huhuzunika, ila ulimi usiseme la kumchukiza Mola. Lakini kutamani mauti kwa sababu ya msiba tumekatazwa. Anayezidiwa amefundishwa amwombe Mungu amweke hai maadamu uhai ni kheri kwake, na amfishe ikiwa mauti ni kheri kwake. Siku hizi zipo nchi ambamo sheria yaruhusu mgonjwa kuomba afishwe. Katika Uholanzi, mwezi wa Februari 2024, aliyekuwa Waziri Mkuu Dries van Agt na mkewe Eugenie, wote wakiwa na umri wa miaka 93, walikufa pamoja kwa njia hiyo. Sisi twawahurumia kwa maradhi yao, ila dini yetu haikutupa ruhusa ya kuchagua siku. Roho ni amana; mwenye amana ndiye aichukuaye.

YAWAPASAYO WATOTO NA JAMAA

Watoto wengi wa Mara wako mbali na wazee wao. Wako Mwanza, Arusha, Dar es Salaam, na wengine ng'ambo. Huja matangani siku tatu, kisha hutawanyika, na mzee hubaki na kuku na kimya cha nyumba. Siku hizo za baada ya matanga ndizo za hatari kuliko zote.

Basi, kwanza, mzee aliyefiwa asilale peke yake. Na apatikane mtoto, mjukuu au jirani wa kulala nyumbani humo kwa miezi, si kwa siku chache tu.

Pili, chakula kipelekwe kwa waliofiwa. Alipouawa Jaafar bin Abi Talib katika vita vya Muta, Mtume aliamrisha watu wa Jaafar wapikiwe chakula, kwani wamefikwa na la kuwashughulisha. Sisi tumegeuza: waliofiwa ndio wapikao, ng'ombe wachinjwa, madeni yakopwa, na mama mjane atafuta kuni. Huku ni kumwongezea mzigo aliyekwisha lemewa. Uji wa mtama anaoletewa mzee na jirani, akakaa naye mpaka aumalize, una kheri kuliko karamu ya watu mia mbili.

Tatu, mmoja wa watoto na ashike hesabu ya dawa za mzee na siku zake za kliniki. Akiumwa kifua, akikosa pumzi, au mdomo ukimwenda upande, apelekwe hospitali saa ile ile. Asiambiwe, "Ni huzuni tu, itapita."

Nne, edda isifahamiwe vibaya. Mwanamke aliyefiwa na mumewe hukaa edda miezi minne na siku kumi (Sura ya 2, aya ya 234), hata akiwa kikongwe. Na mwenye mimba, mpaka ajifungue. Katika muda huo huacha mapambo na hukaa katika nyumba yake. Lakini haja ya lazima yamruhusu kutoka, na matibabu ni katika lazima. Anayemzuia mjane kwenda hospitali kwa kisingizio cha edda hakuifahamu sheria. Wala edda si kufungiwa gizani bila ya mtu wa kuzungumza naye.

Tano, mjane harithiwi. Katika baadhi ya makabila yetu ilikuwako desturi ya ndugu wa marehemu kumchukua mjane kama sehemu ya mali. Qurani imekataza kuwarithi wanawake kwa nguvu (Sura ya 4, aya ya 19). Edda ikiisha, yeye mwenyewe ndiye aamuaye: ataolewa au hataolewa, atakaa au atahama.

MAZISHI NA MIRATHI

Wafapo wawili kwa kufuatana, maswali mawili huzuka upesi.

La kwanza ni la kaburi. Watoto hutamani kuwazika wazazi katika kaburi moja kwa sababu walipendana. Asili ya sheria ni kila maiti na kaburi lake. Walizikwa wawili wawili katika kaburi moja mashahidi wa Uhud, lakini ilikuwa dharura: maiti walikuwa wengi na waliobaki walikuwa na majeraha. Pasipo dharura, wazazi wazikwe jirani, kaburi kando ya kaburi. Na ikiwa majeneza mawili yamehudhuria pamoja, sala moja yatosha. Mwanamume huwekwa karibu na imamu, na mwanamke mbele yake upande wa kibla.

Swali la pili ni la mali, nalo ndilo zito. Wapo wasemao, "Mama naye amekufa kabla mali haijagawanywa, basi hana fungu." Hilo ni kosa. Haki ya mrithi huthibiti pale pale arithiwaye akatapo roho, wala haingoji siku ya kugawanya. Aliyeishi hata saa moja baada ya mwenzake amekwisha mrithi.

Tutoe mfano. Mzee amekufa, na baada ya kutolewa gharama za mazishi, madeni na wasia, zimebaki shilingi 8,000,000. Wazazi wake hawako. Ameacha mke mmoja, wana wawili wa kiume na watatu wa kike. Fungu la mke ni thumni, yaani sehemu moja katika nane: shilingi 1,000,000. Zilizobaki 7,000,000 ni za watoto, mwanamume fungu la wanawake wawili: kila mwana 2,000,000 na kila binti 1,000,000. Siku ya tano mama naye afa. Ile 1,000,000 ni mali yake, nayo huunganishwa na mali yake nyingine, hata mahari aliyokuwa hajalipwa, ambayo ni deni juu ya mumewe na hutolewa kabla ya kugawanya. Mali hiyo yote huenda kwa warithi wa mama. Akiwa na mtoto aliyemzaa kwa mume wa kwanza, mtoto huyo hakumrithi mzee, lakini amrithi mama yake sawa na wenziwe. Na katika wale watoto watano, akiwamo aliyezaliwa na mke mwingine, huyo hana fungu katika mali ya mama huyu. Bibi mzaa mama akiwa hai, naye ana sudusi yake, sehemu moja katika sita.

Ikiwa mama ndiye aliyetangulia, mume huchukua robo ya mali yake akiwa ameacha mtoto, na nusu asipoacha. Kisha fungu hilo huenda kwa warithi wa mume. Wengi husahau kwamba mama alikuwa na shamba, mbuzi au akiba yake, wakaichanganya na mali ya baba.

Na wakifa pamoja, isijulikane nani alitangulia, kama ilivyopata kutokea katika ajali za Ziwa letu, MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996 na MV Nyerere tarehe 20 Septemba 2018, basi kwa kauli ya wanavyuoni wengi, na ndiyo madhehebu ya Shafii, hawarithiani; kila mmoja hurithiwa na warithi wake walio hai.

Kwa hiyo andikeni siku na saa ya kila mauti, na kila marehemu achukuliwe cheti chake cha kifo. Fungueni mirathi mbili, si moja. Muulizeni sheikh ajuaye faraidh kabla hamjagawanya hata jembe, na mpeleke shauri Mahakama ya Mwanzo ili msimamizi wa mirathi ateuliwe kwa sheria.

NENO KWA VIJANA

Enyi vijana, Mwenyezi Mungu ametaja katika ishara zake kwamba ameweka baina ya mume na mke mapenzi na huruma (Sura ya 30, aya ya 21). Mapenzi na huruma hizo hazianzi siku ya mauti. Wazee wale mnaowastaajabia waliamshana kwa sala ya Alfajiri, walivumiliana katika njaa, na waligawana kitoweo kimoja cha dagaa. Basi ziombeeni ndoa zenu zifike huko, na mwenye wazazi wawili waliobaki peke yao kijijini awapelekee habari leo hii, awaulize dawa zao zimebaki ngapi. Naye Mola amewaahidi waja wake wema kwamba wataingia Peponi pamoja na wake zao na wazazi wao walio wema (Sura ya 13, aya ya 23). Huko ndiko kukutana kusikoagana tena; na hapa duniani, anayebaki nyuma ni amana yetu.